Dau jipya la mita 6 au mashua kuukuu ya mita 10?

BARUA

Shikamoo mzee,

Mimi ni mvuvi wa Kilwa Kivinje, mwenye mke na watoto watatu. Tangu nilipomaliza shule ya msingi nimekuwa baharia katika vyombo vya watu, na sasa nimeaminiwa unahodha katika boti ya tajiri mmoja wa hapa kwetu. Mgao wetu ni ule uliozoeleka: gharama za mafuta, barafu na chakula zikishatolewa, nusu ya fedha inakwenda kwa mwenye chombo, mashine na nyavu, na nusu inayobaki tunagawana sisi tulioingia baharini. Sina ugomvi na tajiri wangu, ila ningependa kuwa na chombo changu kabla umri haujasonga. Mke wangu anakaanga na kuuza samaki sokoni, na kwa kujibana sisi wawili tumefikisha akiba ya shilingi milioni 11. Mbali na fedha hizo ninayo mishipi yangu na vipande vichache vya wavu wa jarife.

Njia zilizo mbele yangu ni mbili. Fundi mmoja wa vyombo yuko tayari kunijengea dau la mita 6, lenye tezi, yaani sehemu ya nyuma, iliyokatwa bapa kwa ajili ya kufungia mashine, kwa shilingi milioni 4; mashine mpya ya nguvu farasi 15 nitaipata kwa milioni 5, na nitabakiwa na milioni 2. Njia ya pili ni mashua ya baba yangu mdogo, yenye urefu wa mita 10, ambayo anaiuza kwa milioni 11 pamoja na mashine yake ya nguvu farasi 40, tanga na nanga. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ameahidi kutoa milioni 2 tukichukua mashua, kwa makubaliano kwamba awe mshirika wangu. Kwa hiyo, kwa vyovyote vile nitabaki na milioni 2 mkononi.

Shemeji anasema kwamba samaki wa karibu na miamba wamepungua, na kwamba mwenye mashua ataweza kutoka nje kuwafuata nguru na jodari, tena hata wakati wa kusi ambapo vidau vinalala pwani. Mke wangu hataki kuisikia mashua hiyo. Anasema imekaa juu tangu mwaka jana, imepigwa na masika yote ikiwa wazi, na imepakwa rangi ya buluu juzijuzi tu baada ya kupatikana mnunuzi, ambaye ni mimi.

Jambo linaloniumiza zaidi ni kwamba baba mdogo ndiye aliyenilea baada ya baba yangu kufariki, na ndiye aliyenifundisha bahari. Nikimwambia kwamba nataka fundi aikague mashua yake ataona simwamini, na nikiiacha ataona nimemdharau. Naomba unishauri, mzee wangu.

Mwanao, Kilwa Kivinje

JIBU

Marahaba mwanangu,

Nitaanza na uamuzi wangu, kisha nieleze sababu zake, ili usisome ukiwa na wasiwasi: jengesha dau. Nasema hivyo nikijua kwamba hoja za shemeji yako zina uzito, na nitazirudia hapo mbele, kwa sababu hazistahili kupuuzwa.

Tuanze na hizo milioni 2 ambazo unasema zitabaki kwa vyovyote vile. Milioni 2 za upande wa dau ni zako, na dau lenyewe litashuka majini likiwa tayari kwa kazi. Milioni 2 za upande wa mashua ni za shemeji yako, na zitakuwa zimekwisha kabla chombo hakijalowa, kwa kuwa mashua iliyokaa juu mwaka mzima haishuki majini hivihivi. Itahitaji kufumuliwa kalafati ya zamani, yaani pamba ya kuziba viungo vya mbao, na kupigwa mpya kutoka omo hadi tezi, itahitaji misumari, pengine mbao mbili tatu za kubadilisha, na mafundi wa kulipwa siku zote hizo. Ukishamaliza hayo utakuwa na chombo kizuri kisicho na kitu cha kuvulia, na hapo ndipo ninapoona hatari yako kubwa.

Mashua ya mita 10 kazi yake ni kubeba nyavu kubwa na watu wa kuzivuta. Wewe una mishipi na vipande vichache vya jarife, yaani zana za watu watatu. Ukiwapakia watu sita katika mashua na kuwapeleka kufanya kazi ya watu watatu, samaki hawataongezeka kwa sababu chombo kimekuwa kirefu, lakini ile nusu ya mabaharia itagawanywa kwa sita. Umekuwa baharia muda mrefu, kwa hiyo sina haja ya kukueleza mabaharia wazuri hufanya nini wakipata mgao mdogo majuma mawili mfululizo. Utabaki na wale waliokosa pa kwenda, na mashua kubwa yenye mabaharia wasiojua kazi ni hatari kuliko dau dogo lenye watu wawili unaowaamini.

Liko pia suala la ukubwa wenyewe, ambalo wanunuzi wengi hulikadiria vibaya kwa sababu wanatazama urefu peke yake. Mita 10 ukiziweka kando ya mita 6 utaona tofauti ya mita 4 tu, lakini chombo hukua kwa urefu, upana na kina kwa pamoja, hivyo mashua yenye umbo linalofanana na la dau hilo itakuwa na uzito wa takriban mara nne na nusu. Uzito huo ndio utakaousukuma kwa petroli, ndio utakaouvuta pwani wakati wa kusafisha chini, na ndio utakaoununulia mbao siku ya matengenezo. Kwa makadirio ya kawaida, mashine ya petroli ya nguvu farasi 15 ikiendeshwa kwa nguvu yake yote hunywa kama lita 6 kwa saa, na ile ya 40 hunywa lita 15 na zaidi, na zikiwa kuukuu hunywa kuliko hapo. Chukua safari ya saa nne za kwenda na kurudi: dau litatumia lita 24 na mashua lita 60. Petroli ikiwa shilingi 3,000 kwa lita, tofauti ni shilingi 108,000 kwa safari moja, na fedha hiyo inatoka hata siku ambayo nyavu zimerudi tupu. Tajiri wako anaweza kuzistahimili siku tupu tano mfululizo. Wewe ukiwa umeweka akiba yote ndani ya chombo, siku ya tatu utakopa mafuta kwa mchuuzi wa samaki, na kuanzia hapo mchuuzi ndiye atakayekupangia bei. Nimewaona vijana wengi wenye vyombo vyao wenyewe wakivulia deni la namna hiyo miaka na miaka, na hilo ndilo ninalokuombea Mungu akuepushe nalo.

Sasa niiseme mashua yenyewe. Mke wako ameona mambo mawili ambayo hata fundi angeyataja kwanza, yaani mvua na rangi. Watu hudhani maji ya bahari ndiyo adui wa mbao, kumbe chumvi huihifadhi mbao, na maji ya mvua yanayotuama ndani ya chombo kilicholala juu ndiyo yanayoiozesha, hasa pale chini ambako taruma, yaani mbavu za chombo, zinakutana na mkuku, ule uti wake wa chini, na upepo haufiki. Masika moja ya kukaa wazi yanatosha kuanzisha ugonjwa ambao hautaonekana kwa nje. Rangi mpya si kosa, kwa kuwa kila muuzaji hupenda mali yake ipendeze, lakini inakulazimu utafute kile ambacho rangi haikukifikia.

Ukiamua kuikagua, tafuta fundi asiye wa Kivinje, umlipe wewe mwenyewe, na asiwe yule atakayekujengea dau, maana huyo ana maslahi yake. Fundi anayejua kazi hataanza kwenye ubavu. Atalala chali chini ya chombo na kuanza na mkuku na ubao wa kwanza unaopakana nao, kwa sababu hapo ndipo chombo kinapokalia mchanga na matope kila maji yanapokupwa. Atatumia kisu chenye ncha kali. Akichoma ubao mzima, ncha huingia kidogo ikakwama, na akiivuta huhisi imeshikwa. Ubao uliooza huipokea ncha kwa ulaini na kuiachia bila kushindana. Kisha atagonga kwa nyundo ndogo, ubao baada ya ubao, akisikiliza, kwani ubao mzima hutoa mlio mkavu na ulioharibika hutoa mlio uliokufa. Kugonga kuna faida nyingine, kwamba wadudu wa baharini wanaotoboa mbao huingia wakiwa wadogo sana, kupitia tundu lisilozidi kichwa cha pini, kisha hukua humo ndani wakifuata urefu wa ubao, hata ubao ukawa mtupu ndani ilhali uso wake ni laini na umepakwa rangi ya buluu.

Aangalie pia michirizi ya kutu inayoshuka kutoka kwenye vichwa vya misumari. Michirizi michache ni uzee wa kawaida, lakini ikiwa kila taruma ina mstari wake wa kutu, misumari imekwisha, na mbao zinashikiliwa na mazoea. Ndani ya chombo aondoe mbao za kukanyagia ashike kichwa cha chini cha kila taruma kwa mkono. Baada ya hayo mashua ishushwe majini na iachwe siku kadhaa, kwa sababu chombo kikavu lazima kivuje mwanzoni mpaka mbao zinywe maji na kuvimba. Usiogope maji ya siku ya kwanza, ogopa yale ambayo bado yanaingia kwa kasi ileile baada ya siku nne au tano. Upande wa mashine, ifungue tundu la mafuta ya gia kule chini: yakitoka meupe kama maziwa, maji ya bahari yameshaingia. Iwashwe ikiwa baridi, na uhakikishe kwamba maji ya kupoza yanaruka kwa nguvu muda wote.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu msimamo wangu una mlango mmoja. Ikiwa mashua itapita majaribio hayo yote, na baba mdogo akakubali kupokea milioni 6 sasa na zilizobaki azipokee kidogokidogo kutoka kwenye mauzo ya samaki kwa maandishi, nitakuelewa ukiichukua. Kwa milioni 11 za mkupuo mmoja, hata ikiwa nzima, nitakuambia uiache.

Narudi kwa shemeji yako. Anaposema kwamba maji ya karibu na miamba yamechoka, anasema kweli, na kila mvuvi wa mwambao wetu analijua hilo. Anaposema kwamba chombo kikubwa hustahimili kusi kuliko kidogo, hilo pia ni kweli, na sitaki nikudanganye: kati ya Juni na Agosti ziko siku nyingi ambazo dau la mita 6 litalala pwani na wewe utalala nalo. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa tahadhari ya upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, dau lako halina ruhusa ya kutoka, wala usitafute mtu wa kukushauri vinginevyo. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilipita kwenu na hamhitaji mtu wa mbali awasimulie. Hata hivyo kusi si siku moja ndefu, kwa kuwa upepo wake hupungua asubuhi nyingi, nanyi wa Kilwa mna neema ambayo wenzenu wengi hawana, yaani maji yaliyokingwa nyuma ya Kilwa Kisiwani, Songo Mnara na Sanje ya Kati, ambako dau dogo litafanya kazi ya mishipi na mitego ya madema wakati nje kumechafuka. Kaskazi ikitulia, dau hilohilo lenye watu watatu na jarife nzuri linaweza kuwafuata nguru nje kwa siku zilizochaguliwa vizuri. Halitaleta shehena, lakini litaleta samaki wa bei, na wewe hutakuwa na vinywa sita vya kulisha.

Zile milioni 2 zake usizikatae. Mweleze kwamba badala ya kuzitia katika mashua, azitie katika nyavu: yeye awe mwenye jarife, wewe mwenye dau na mashine, na ile nusu ya mwenye chombo mwigawanye ninyi wawili kwa kiwango mtakachokiandika na kukisaini mbele ya mashahidi. Kwa njia hiyo atapata alichokitaka, yaani fungu katika kazi yako, na mkija kutofautiana, nyavu zinaweza kutoka bila kuuza chombo. Ushirika wa chombo kimoja kati ya mashemeji nimeuona ukivunja nyumba, kwa sababu hakuna anayeweza kuondoka na nusu ya mashua. Wakati huohuo mke wako ajiunge na wenzake wanaokaanga samaki waombe mkopo usio na riba wa halmashauri, ambao asilimia 4 ya mapato ya ndani imetengwa kwa ajili ya vikundi vya wanawake. Jokofu moja la kuhifadhia samaki siku ya soko baya litakuongezea kipato kuliko mita 4 za urefu. Na hiyo mikopo ya boti za kisasa inayopitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo, uifikirie baada ya misimu miwili, ukiwa na daftari linaloonyesha ulichovua, ulichouza na ulichotumia, kwani mwenye kumbukumbu hizo huzungumza na benki kwa sauti tofauti.

Kuhusu dau, usikubali kuanza kwa maneno matupu. Mwandikiane na fundi aina ya mbao: mvule au mninga kwa mbao za chini, na kama atapendekeza mwembe kwa sababu ni rahisi, ukubali kwa sehemu za juu tu, maana mwembe huoza mapema. Mbao ziwe zimekauka, la sivyo zitasinyaa na kufungua viungo ndani ya mwaka wa kwanza. Taruma zichongwe kutoka matawi yaliyopinda yenyewe, ili nyuzi za mti zifuate mpindo, na misumari iwe iliyopakwa zinki, hata kama inaongeza gharama. Mwambie akuwekee pia mahali pa kusimamisha mlingoti. Tanga dogo litakuokoa mashine ikizima, na katika siku za upepo mzuri litakurudisha nyumbani bila kuchoma lita hata moja. Malipo yaende kwa hatua: ya kwanza mkuku ukilazwa, ya pili taruma zikisimama, ya tatu mbao zikifungwa, na fungu la mwisho ulishike mpaka dau likae majini na kukauka ndani. Kabla hujaanza kazi, lisajili, ukate leseni ya chombo na ya kwako mwenyewe halmashauri, na ujitambulishe kwa viongozi wa BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi, wa pwani yako. Katika zile milioni 2 zako mwenyewe, tenga milioni 1 isiyoguswa kwa mafuta na vipuri vya msimu wa kwanza, na jaketi okozi za watu watatu zinunuliwe kabla ya rangi.

Lililobaki ni baba yako mdogo, na naona ndilo lililokufanya uandike. Usimpelekee fundi wala usimpelekee jibu kupitia mtu mwingine. Nenda mwenyewe jioni, ukae naye, umwambie ukweli ambao hauna dharau ndani yake: kwamba mashua yake inahitaji mtu mwenye nyavu za ringi, zile kubwa za kuzungushia samaki, na mabaharia sita, na kwamba wewe bado hujafika hapo. Mzee aliyeishi baharini ataelewa hesabu hiyo kabla hujaimaliza. Akisisitiza uichukue, hapo ndipo utakapomwomba mashua ishushwe majini kwanza, na utaje malipo ya kidogokidogo. Akiwa anaiamini mali yake hatakasirika. Ukimsaidia kutafuta mnunuzi kwa wenye vyombo vikubwa wa Somanga au Kilwa Masoko utakuwa umemtendea wema ulio mkubwa kuliko kuinunua kwa shingo upande. Kisha umwombe awe msimamizi wa ujenzi wa dau lako, ashinde pale kwa fundi, achague mbao, akatae zile mbichi, na alipwe posho yake ya kila siku kama mtu mwingine yeyote wa kazi. Fundi akijua kwamba mkuku utakaguliwa na mzee huyo kabla ya kupigwa msumari wa kwanza, hatakuletea mti mbichi.